Tata, mgomba hatukuuzika

Tata, baba yangu,

Kaka yako mkubwa alitufikia na pikipiki ya taxi-moto, amepakata kipande cha mgomba kirefu kama wewe. Akakivika koti lako la kanisani. Kwa ukoo wenu, mtu aliyekufa na maiti yake haipo huzikwa hivyo, ili matanga yaishe na mjane avue nguo nyeusi.

Unakumbuka siku ile tulipokwenda kununua samaki ziwani Nzilo? Ulipumzika mara nyingi ukipanda kutoka majini, ukikohoa kikohozi chako cha mgodini, mimi na Mama tukikungoja. Ukasema: “Mi nilikaa chini ya udongo maisha yote. Nikifwa, musinirudishe mule. Munipeleke ku chuo ya badocteur, baangalie hii mapafu, baone vumbi ya mine ilifanya nini.” Mimi nilicheka. Wewe hukucheka.

Ulipofariki tukakupeleka Lubumbashi, kama ulivyotaka. Mwalimu wa chuo cha madaktari alinieleza bila kuzunguka kwamba mwili hudungwa dawa usioze, wanafunzi hujifunza mshipa kwa mshipa, na wakimaliza, mabaki hurudishwa kwa familia. Nilimwuliza kama watayafungua mapafu. Akasema ndiyo, na mimi nikafurahi, Tata, nikiwa nalia.

Baba mkubwa anasema nimekutoa ukakatwe kama nyama ya soko. Mbona hakusema neno ulipokuwa ukikohoa? Nilikasirika, na hata leo sijatulia. Niliuvua mgomba lile koti mbele ya wote, nikamwambia arudi na mgomba wake. Akaapa kwamba hakuna wa ukoo atakayemvua Mama nguo za matanga, atazeeka nazo.

Sikufichi, naumia. Siku ya kuombea wafu wenzangu walienda kufagia makaburi, mimi nikabaki uani sina pa kwenda. Lakini kulilia mgomba siwezi, hata wanitenge.

Juzi Mama hakungoja mtu. Alivua nyeusi mwenyewe, akafunga kikwembe chake chekundu, tukaenda soko la Manika. Muuza nyanya, anayekujua tangu zamani, akamwuliza tulikuzika wapi. Watu wakasogea wasikie. Mama akaendelea kuchagua nyanya.

“Habayamuzika bado,” akasema. “Iko ku kazi.”

Basi fanya kazi, Tata. Wakimaliza nawe, nitakuja kukuchukua mimi mwenyewe, na anayetaka kunizuia anikute njiani.

Binti yako mkubwa