Fundi Aliyefungua Mlango Haraka

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Duka la Viatu.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa mwanangu Chiriku,

Hujambo huko uliko? Kifua kimepoa, au bado unakohoa na kujifanya mzima? Sisi hatujambo. Bibi yako bado ana nguvu za kugombana, kwa hiyo ujue ni mzima. Mimi ni goti tu, hasa nikikanyaga cherehani mfululizo, lakini nadunda.

Riwaya yako ilifika Jumatatu, kurasa zote mia mbili na kumi. Barua yako pia nimeielewa: mchapishaji anasubiri jibu, na nisipotoa ruhusa utaichoma, kwa kuwa yule fundi cherehani ni mimi, na mwanamume aliyetoweka ni mchumba wangu. Uichome! Hebu acha vituko, nisikilize kwanza.

Nilianza kuisoma kazini, na hapo ndipo nilipoharibu. Nilipofika pale mwenye nyumba analeta koti lirekebishwe, fundi akafungua bitana na kukuta mshono wake mwenyewe, ule aliomshonea mpenzi wake, moyo ulinipasuka paa! Mikono ikaendelea na kazi, akili haipo. Nimemshonea mwalimu mkuu gauni lenye mikono miwili ya kushoto! Alipolijaribu likamkaba kwapani, akabaki kaduwaa mbele ya kioo. Nimelifumua, nikaomba radhi, sababu sikuisema. Mimi huyu, miaka thelathini kwenye kazi hii! Kama hiyo si sifa, sijui unataka sifa gani.

Na mapenzi umeyaweza, we mtoto. Yule mpenzi wake fundi saa, anayeleta suruali ileile kila wiki ipunguzwe, mpaka inakuwa kaptura, amenichekesha hadi machozi. Bibi yako haoni vizuri siku hizi, kwa hiyo nilimsomea kwa sauti. Nilipofika kwenye busu nikaruka. Akanikaripia: "Rudi hapo! Unadhani wewe nilikuokota?" Nikarudi, nikasoma huku nimeangalia ukutani.

Muuaji sikumjua mpaka mwisho. Nilimshikilia yule inspekta wa polisi bure, maskini, kumbe kosa lake ni uzembe tu.

Sasa nikutie pilipili kidogo, usinune. Fundi wako analia mno. Akipata barua analia, akikosa barua analia. Mtu wa kazi hiyo angelowesha vitambaa vya wateja. Halafu hariri anaipiga pasi ya moto mkali. Hariri, mwanangu! Ingeungua kabla muuaji hajapanda ngazi. Na mwenye nyumba, muuaji wako huyo, kashikiwa mkasi shingoni na fundi, anasimulia maisha yake kurasa nne nzima! Mpe nusu ukurasa, apige kelele, basi.

Lakini kasoro kubwa iko mwishoni. Yule mwanamume anarudi, anagonga mlango, na fundi anafungua papo hapo, anamkumbatia, kwisha. Hamuulizi kitu. Aa, hapana. Mimi mchumba wangu alitoka asubuhi kwenda kazini, akaniambia nimwekee chai. Huu mwaka wa ishirini na mbili. Hakuna barua, hakuna kaburi. Mwanamke aliyengoja hivyo hafungui mlango kirahisi. Anasimama kwa ndani na kumuuliza: ulikuwa wapi? Ndugu zangu nimewajibu nini miaka yote hii, unajua? Anajibiwa, hatosheki, anauliza tena. Mwache agonge mpaka vidole vimuume. Akifunguliwa hapo, msomaji atalia kwa haki.

Ruhusa nimekupa, kwa moyo mweupe. Nilidhani ningeona aibu kujikuta humo, lakini nilichoona ni mwanamke anayejua kazi yake, anayependwa, na ambaye hakukubali kutishwa. Sikujua kama ndivyo ulivyokuwa ukiniona ulipokuwa ukicheza na vifungo chini ya meza yangu. Ahsante, mwanangu. Mjibu mchapishaji kesho.

Nisalimie kaka yangu, mwambie dawa ya presha hailiwi siku akikumbuka tu. Nisalimie pia wifi yangu, na kitindamimba wao mwenye maswali mengi. Bibi anakuombea, na anataka kujua kama wale wawili wa kwenye kitabu walipata watoto.

Umeniomba nikurudishie kurasa zako nikishamaliza. Hizi sirudishi, andika nyingine. Huko kwenye kitabu rekebisha mwisho kama nilivyokwambia, maana ndivyo inavyotakiwa, na mimi nitakinunua kama watu wengine. Lakini hizi naziweka kabatini kwangu. Ule ukurasa wa mwisho nimeusoma mara sita, Chiriku, pamoja na ubovu wake wote, kwa sababu humu alirudi.

Mungu aushike mkono wako kila unapokamata kalamu.

Ni mimi nikupendaye,
Shangazi yako.