Nusu Sekunde ya Nanga

Jumatatu, 4 Machi 1996
Nimepalilia kahawa hadi mtaroni. Mgongo unauma. Chai bila sukari, kwa kuwa mke wangu Koku aliiweka mahali ambapo sijapajua hadi leo. Wiki ya saba tangu nimzike.
Barua yangu ya kumjibu mhariri wa gazeti imelala mezani. Sina hasira ya kutosha kuimaliza.

Jumatano, 6 Machi
Nilikwenda ofisi ya usharika, hapa Rugu, kugombana. Jenerosa, karani wetu na mwalimu wa kwaya, ameweka kwenye kompyuta kadi ya sauti iliyopitia mpakani Murongo kutoka Uganda. Anataka ipige muziki wa filimbi kwenye ibada ya kumkumbuka Koku. Nikamwambia mashine haina haki ya kuigiza filimbi. Akacheka.
"Haiigizi, Mwalimu. Sauti ya kweli imo ndani. Keti kwanza, kisha unipige."
Nikaketi. Kumbe ni hivi: mtu alipuliza filimbi halisi, wakarekodi kipande kidogo, wakakihifadhi kwenye kadi. Kadi hukizungusha kipande kile kile. Ikikiharakisha, noti inapanda. Ikikipunguza mwendo, inashuka. Zimo ala za Ulaya nzima. Nanga, ala yetu ya nyuzi, haimo. Nilifoka juu ya hilo hadi koo likakauka. Jenerosa alisubiri.
"Basi tuiingize. Nipe mlio mmoja tu, safi."

Alhamisi, 7 Machi
Mlio mmoja. Nanga ya Koku ipo ukutani, lakini siku ya mazishi kaka yake alizikata nyuzi zote. Ndivyo ukoo wao unavyofanya: mpigaji akifa, nyuzi zake hazirithiwi. Baba yao alimfundisha Koku kwa sababu kaka mtu hakuwa na sikio. Wanaume wa kwao Bugomora walimcheka, mwanamke na nanga wapi na wapi. Akawapigia hadi wakanyamaza.
Kuna kaseti moja ya Koku akipiga nanga. Niliirekodi mwenyewe sebuleni, siku tulipokuwa na wageni. Sijawahi kuisikiliza.

Jumatatu, 11 Machi
Nimeaibika. Jenerosa aliwasha jenereta, tukaanza. Upande mzima wa kaseti, Koku anapiga, mimi ninaongea. Juu ya chama cha ushirika. Juu ya wakoloni. Juu ya mahubiri mabovu. Napaza sauti ili kuishinda nanga! Koku anaanza kuimba, mimi nagonga meza.
Jenerosa alisogeza mbele, akarudisha nyuma, akitafuta mahali nisipokuwepo. Hakunilaumu. Afadhali angenitukana.
Kuna mahali nanga inanyamaza kabisa. Koku anasema kwa Kinyambo, bila hasira: maliza wewe kwanza. Wageni wanacheka. Nami nikaendelea. Nikaendelea!

Jumanne, 12 Machi
Jenerosa amepata. Nusu sekunde. Uzi mmoja, mlio mmoja, nilipokuwa nimeinua kikombe cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Ulevi wangu ndio uliomwokoa.

Alhamisi, 14 Machi
Jenerosa aliupanga wimbo wa Koku noti kwa noti, akauchezesha. Noti zote zipo, zote sahihi. Ya kwanza ilipolia nililia. Ya pili ilikuwa ile ile. Ya tatu ile ile, imeinuliwa tu. Juu kabisa ikawa mbu.
Koku hakuwahi kuupiga uzi mara mbili namna moja. Huu aliugusa kwa gumba, ule kwa ukucha, mwingine aliuzima kabla haujaisha. Kwenye kadi mkono umeganda.
Nilitafuta wa kumshambulia. Jenerosa hana kosa. Kadi haina kosa, imekuza kilichobaki. Miaka ishirini na mitatu chini ya paa moja, na nilimwachia nusu sekunde.
"Niifute, Mwalimu?"
"Usiifute. Usiipige tu."
Nilirudi kwa miguu. Sikumwamkia mtu njiani.

Jumapili, 17 Machi
Ibada ya Koku. Kwaya iliimba bila chombo. Mchungaji akanipa nafasi ya kuzungumza. Watu wakajiweka sawa kwenye mabenchi. Wanajua nikisimama, ndizi zinaungua majumbani.
Nilisimama. Nikasema tukae kimya kidogo, tumpishe Koku. Nikaketi.
Kaka yake alikuwa wa kwanza kuinamisha kichwa. Manyunyu yakasikika juu ya mabati, kisha yakaacha. Hakuna aliyekohoa.