Aliyejibu Kutoka Ng'ambo ya Mafunjo

Mbita, Jumamosi

Dada Njeri,

Nakusalimu kutoka ziwani, ambako mvua haijakatika tangu nifike. Nimejitolea kuhesabu ndege na chama cha hapa, watu wanane wenye darubini mbili, nami nimepewa kazi ya kuandika fomu ya hesabu. Leo tulimtafuta ndege mwenye kifua chekundu ambaye haishi ila kwenye mafunjo. Kimebaki kipande kidogo cha mafunjo hayo, na chifu ametangaza kwamba ndege asipopatikana, watu wataruhusiwa kukata na kulima.

Kiongozi wetu, Mwalimu Akinyi, humwita kwa mluzi, maana dume na jike huimba kwa kujibizana. Alipiga, akajibiwa kutoka upande wa pili. Akapiga tena, akajibiwa.

"Mwandishi, umesikia? Andika wawili," akaniambia, machozi yakimlengalenga.

Tukazunguka kwenye tope la magotini ili tukawaone. Huko tulimkuta mzee Odhiambo, mwenzetu wa chama aliyetutangulia bila kutuambia, amelowa chapachapa na anatabasamu.

"Mwalimu, wako upande wenu," alisema. "Nusu saa nawapigia mluzi, na kila mara wananijibu."

Hakuna aliyecheka. Tulitega masikio tena. Ilisikika mvua tu.

Akinyi aliichukua fomu afute, kisha akanirudishia. "Jaza wewe. Mkono wangu umelowa."

Nikafuta wawili, nikaandika sifuri.

Ngege, samaki wa ziwa hili, ni mtamu, lakini leo nimemwacha nusu. Nisalimie watoto, nawe ujikinge na baridi.

Kaka yako,
Kamau