Hodi Kwenye Seli

Uppsala, Sweden
9 Februari 1994

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mie mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Naomba barua hii ikukute salama, na pumu isikusumbue.

Uliniuliza kazi yangu ni nini hasa. Mwili umejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila seli ina vipokezi mlangoni. Dawa ya pumu ikibisha hodi, kipokezi huitikia, kifua kikafunguka. Vipokezi vya seli ninazozikuza maabara vinaitikia dawa asubuhi, halafu kimya. Profesa anasema nimeziua seli kwa uzembe. Nisipopata jibu kufikia Pasaka, ushirikiano wa chuo chao na chetu unavunjika, na maabara tuliyoahidiwa Dar ndiyo basi tena. Nalia, mama, sikufichi.

Binti yako,
Rukaiya

Chang'ombe
2 Machi 1994

Mwanangu Rukaiya,

Marahaba. Sie hatujambo, mfungo unatuendea vizuri, na kifua kimetulia, alhamdulillahi.

Futa machozi, nakuombea kila futari. Mie hapa nasumbuliwa na jirani yetu Mwanakombo. Tangu aanze biashara ya mitumba anabisha hodi toka alfajiri, leo gauni, kesho shuka. Nimeitikia karibu hadi sauti ikakauka. Sasa nahamia uani na sufuria zangu, namwacha abishe. Anawaambia watu labda nimefia ndani. Akipotea siku mbili narudi barazani mwenyewe kumwangalia, maana upweke nao si mzuri.

Mama yako,
Mwajabu

Uppsala
6 Aprili 1994

Mama,

Shikamoo, na natumai Idd iliyopita ilikuwa ya kheri kwenu.

Barua yako niliisomea maabara, nikacheka hadi wenzangu wakageuka. Halafu kicheko kikakatika. Sie tulikuwa tunaziloweka seli kwenye dawa mchana kutwa, tumekuwa Mwanakombo. Nikaziosha dawa yote ikatoka, nikaziacha zipumzike, nikabisha upya. Zikaitikia, mama. Hazikufa. Vipokezi vilikimbilia ndani, na vikipumzishwa vinarudi mlangoni. Profesa hakuamini, nikarudia mbele yake, ikawa vilevile. Akakaa kwenye stuli, akasema, "Rukaiya, nilikukosea. Maabara ya Dar utaiongoza wewe."

Nimefurahi mno, mama. Narudi Juni.

Binti yako,
Rukaiya

Chang'ombe
1 Mei 1994

Daktari wangu,

Marahaba, na marahaba tena. Sie wazima wa afya. Barua yako imesomwa barazani, na vigelegele nadhani vilisikika hadi mtaa wa pili, Keko. Mwanakombo alipojua hodi zake zimefika Ulaya, anadai na yeye aitwe daktari. Ameniletea kitenge kipya cha dukani, si mtumba, nikupokee nacho uwanja wa ndege. Nimelia sana, mie niliyekukataza kulia.

Uani sihamii tena. Nawe ukifika usibishe hodi, mlango utaukuta wazi.

Mama yako anayejidai,
Mwajabu