Sanamu ya Majembe Mawili

Mgori,
17 Juni 1956

Mdogo wangu mpendwa Dina,

Shikamoo uliyoiandika juu ya barua yako nimeipokea, marahaba. Natumaini goti lako limepoa, na kwamba huko Ihanja uwele umekwisha kuingia ghalani. Sisi tunaendelea. Mke wangu Kristina alikohoa sana mwezi wa tano, lakini sasa anatwanga mwenyewe na kunigombeza kama zamani.

Umeniandikia kwamba baada ya mavuno utasafiri hadi Tanga kumtafuta ndugu yetu Naftali, kwa kuwa miaka kumi na miwili ni mingi mno kwa mtu kukaa kimya. Unaniuliza uanzie wapi. Nitakujibu, ila nivumilie kidogo, maana jibu lenyewe nimelifikia kwa njia ya mbali.

Unamkumbuka Alute, jirani yetu aliyekuwa askari Misri wakati wa vita. Alirudi na sanamu ndogo ya udongo, ya rangi ya buluu iliyopauka, urefu wa shubiri moja. Mwezi wa pili aliileta kwangu, kwa sababu mkewe Martina ameikataa. Martina anasema kila akisonga ugali mgeni yule humkodolea macho, na hata siku moja hajasema asante. Alute akaona mwalimu hawezi kuogopa udongo.

Padre wa misheni aliniazima kitabu chenye picha za sanamu za Wamisri wa kale. Watu wale, Dina, hawakuchonga mkono bila maana. Sanamu iliyotanguliza mguu wa kushoto ni ya mtu anayetembea katika uhai. Ngumi iliyoshika kijiti kifupi ni ya mwenye mamlaka. Mungu wao akishika msalaba wenye kitanzi juu, ameshika uhai wenyewe, naye humsogezea mfalme puani auvute kama pumzi. Lakini aliyefumbata mikono kifuani, miguu pamoja kama aliyefungwa sanda, huyo ni wa upande wa wafu.

Yetu imefumbata mikono. Kila mkono una jembe, na mgongoni kuna kikapu kidogo cha mbegu. Kitabu kinaeleza kwamba, kwa imani yao, hata huko ahera kuna mashamba, na wafu huitwa kwa majina waende kulima. Basi mtu alizikwa na sanamu kama hii, na jina lake yeye likaandikwa juu ya sanamu. Jina likiitwa, sanamu huitika kwamba ipo, ikaenda kulima badala yake. Yenyewe haina jina.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Tangu siku ile, nikiita majina darasani asubuhi, kila mtoto anayeitika nasikia sauti ileile moja. Wiki iliyopita nilishindwa kupita jina la nne. Nikawatoa watoto wote wakapalilie bustani. Kristina ameifunika sanamu kwa kibuyu. Mara mbili nimekuta kibuyu kiko kando, nayo inanitazama. Labda ni panya.

Sasa sikiliza. Mwaka 1944, serikali ilipokusanya watu wa kwenda mashamba ya mkonge, shule yetu ilikuwa imefungwa kwa njaa, nami nikaandikwa pamoja na wakulima. Naftali hakuandikwa. Alinisindikiza tu hadi Singida, akinibebea unga wa njiani. Pale bomani karani, mgeni asiyemjua yeyote, aliita jina langu. Nilikuwa nimesimama wima, mzima wa afya. Sikuitika. Akaita mara ya pili. Naftali akanitazama, akacheka kile kicheko chake cha puani, akanipa mfuko wa unga mkononi, akasema, “Nipo.”

Sikumzuia. Nilirudi nikamwambia jumbe kwamba daktari amenikataa kwa ajili ya kifua. Mama nilimwambia Naftali amefuata wenzake pwani kwa hiari yake. Unga ule tuliula wote, hata wewe, na mama akamshukuru Naftali kwa kutukumbuka.

Na hilo si lote. Miezi saba baadaye barua kutoka shamba la mkonge ilifika barazani, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea jumbe barua zake. Ilisema kwamba Melkizedeki Ntandu wa Mgori amekufa kwa homa, amezikwa hukohuko, ndugu zake waarifiwe. Nilisoma kifo changu mbele ya wazee, nikawafasiria kuwa ni habari za dawa ya ng'ombe. Wakaridhika. Barua ninayo hadi leo. Hadi anakufa mama alikuwa bado anafagia kibanda cha Naftali, mtu ambaye nilijua hatarudi.

Kwa hiyo, Dina, usimtafute sokoni wala usiulize watu kama wamemwona. Anzia makaburini pa shamba lile, utafute kibao chenye jina langu. Lakini usiende peke yako. Nitakuja Ihanja Jumatatu ya wiki ijayo. Usiponifungulia mlango nitaketi nje mpaka utoke, kisha twende. Tuling'oe jina langu pale, tuandike lake. Tukirudi tunyoe nywele, tumlilie Naftali kwa jina alilopewa na mama. Jumapili nitawaambia wazee wa kanisa kwa mdomo wangu mwenyewe.

Wasalimie wanao, mkubwa kwa mdogo. Kristina anakusalimu sana. Yuko uani anapepeta uwele, na bado hajui lolote. Nikishafunga bahasha hii nitatoka nimwambie.

Ni mimi kaka yako niliyebaki,

Melkizedeki Ntandu