Baba amesoma mwenyewe

Samia, anua dagaa mawingu yakitanda, na mama anywe dawa akishakula.

Kile kifaa cha kusomea vitabu nilichoazima kwa mwalimu Happyness ~~nakirudisha leo, hatununui~~ tunanunua! Asubuhi nilikuza herufi mpaka mstari ukabaki na maneno manne, nikampa baba. Akalamba kidole kama anavyofanyaga kwenye karatasi, akagusa, ukurasa ukageuka. Akasoma mwenyewe, mara ya kwanza tangu macho yake yafifie, mpaka chai ikapoa. Mama akamtania, "Kumbe ulikuwa unadeka tu usomewe!" Baba alikuwa bado katikati ya sentensi.

Nimeshindwa kumnyang'anya. Naenda kumwomba Happyness aniuzie hikihiki. Usimsomee baba gazeti mpaka akuombe. Akikwama kwenye neno, nyamaza, atalipata.

Dada yako