Mama wa Maharage

Nyumba ya kona, ghorofa ya pili
14 Juni

Kaka yangu mpendwa,

Hujambo huko uliko? Wifi na mapacha wazima? Na kile kikohozi chako kimekuachia au bado mnaishi pamoja? Sisi hatujambo, hatuna la kulalamikia ila ngazi, ambazo Shangazi anadai kila akija zimeongezwa.

Sasa kaa vizuri, maana mdomo unaniwasha. Filamu yangu imekwisha. Ile ya katuni niliyokudokezea, ya dakika nne, inayomhusu Mama. Hakuna aliyenituma. Nilimkumbuka tu, na kuchora sijui, basi nikamtengeneza kwa maharage juu ya meza ya jikoni. Simu nimeifunga juu yake, inatazama chini. Unasukuma punje kidogo, unapiga picha, unasukuma tena. Kutwa nzima Mama anapiga hatua mbili.

Baba alikuwa akipita na chai yake, haulizi kitu. Unamjua. Tangu tumzike Mama hajamtaja hata mara moja, nasi tukaogopa kumtaja mbele yake. Hilo ndilo lililokuwa likiniuma, Kaka. Nilitaka amwone, na nilihofu akimwona atainuka aende zake.

Halafu Shangazi akaja kututembelea, mimi niko kazini. Akakuta maharage yametapakaa mezani, akajua huo ni uvivu wangu wa kawaida. Akayachambua, akayaosha, akayapika. Narudi, mhusika mkuu yuko sufuriani na vitunguu. Nililia, kisha nikala, maana mwenye njaa hana miiko.

Shangazi akajitetea: "Ningejuaje kama ni wifi yangu?"

Baba akacheka. Kicheko kile chake cha zamani, cha mpaka machozi. Akaomba aone picha zilizobaki kwenye simu. Akatazama, akarudia, akasema, "Mama yako hakutembea hivi."

Akaweka sahani, akainuka. Kaka, Baba huyu huyu, mchomelea mageti mwenye mabega kama kabati, alitembea jikoni kama Mama: bega la kushoto mbele, mkoba umebanwa kwapani, mbio mbio kama mtu anayefungiwa duka. Akafika kwenye jiko, akageuka, akaja tena. Shangazi alishika mbavu. Mimi nikaenda kununua maharage mengine.

Tulianza upya, Baba amesimama nyuma yangu. "Mwongezee haraka. Huyo ameshachelewa."

Jumamosi tuliionyesha kwenye ukumbi wa maktaba. Mama alipotokea ukutani na bega lake, watu walicheka kwa raha. Baba akamgeukia jirani yake wa kiti, mtu asiyemjua kabisa, akamwambia, "Huyo ni mke wangu." Kisha akamtajia jina la Mama lote, la kwake na la baba yake.

Nakutumia filamu kwa simu. Itazame na Wifi, na mapacha wamjue bibi yao. Shangazi anawasalimu, ameapa hagusi tena kitu mezani kwangu bila kuuliza. Mungu awafunike kwa heri zake, na safari yenu ya kurudi aifanye nyepesi.

Baba anasema umpigie Jumapili, ana habari za Mama za kukupa. Tafuta kiti, Kaka. Siku hizi akianza hanyamazi.

Anayekupenda na kukutamani nyumbani,
Mdogo wako,
Chiriku